Pini ya Upande wa Ukutani

Jumatatu mwalimu wa taaluma alitugawia fomu za kuchagua tahasusi za kidato cha tano, na nilipofungua mkebe wangu wa hesabu kutoa kalamu, ile pini ikaanguka mezani. Mwenzangu ninayekaa naye akaiokota, akaigeuzageuza.

"Kibanio cha nywele hiki?"

Nikasema ndiyo. Nimeshazoea kusema ndiyo kwa kitu ambacho si ndiyo, na hilo ndilo ninalotaka kuliandika hapa, kwa sababu kuandika naweza, kusema ndiko kunakonishinda.

Si kibanio. Ni kijiti cha chuma kilichokunjwa katikati, kikawa na kichwa cha duara na miguu miwili. Unakipitisha kwenye tundu, unaipanua ile miguu kwa plaizi au kwa vidole, na kitu ulichokifunga hakitoki tena. Nikiinusa pini hii bado naipata ile harufu ya grisi na unga wa moto, harufu ya mashine ya kusaga iliyoamka tangu asubuhi. Huenda harufu yenyewe ilikwishatoka zamani na mimi ndiye ninayeitia. Lakini nikiinusa narudi darasa la tatu.

Tulikuwa tunakaa Makorora, nyumba ya Bibi, na mashine ya kusaga ya Mzee Hemedi ilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mamdogo Riziki, kitinda mimba wa Bibi, alikuwa mwaka wa pili chuo cha ufundi, anasomea mitambo. Alikuja nyumbani kufanya mafunzo ya vitendo, wenyewe wanaita fildi. Kote alikoomba mjini walimwambia nafasi zimejaa, au walimtazama kwanza ndipo wakamwambia zimejaa. Ikabaki kwa Mzee Hemedi, ambaye alikubali kwa kuwa alikuwa rafiki wa marehemu babu na kwa kuwa Mamdogo hakuomba malipo.

Alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu, la fildi. Kila siku anaandika alichofanya, na mwisho wa wiki sita mwenye mashine anatia saini. Pasipo saini, chuo hakimpokei. Na Bibi alikwishasema mbele yetu sote, akiwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele, kwamba daftari hilo likirudi tupu, basi na chuo kimekwisha. Kulikuwa na watu wa Muheza waliokuja kumuulizia Riziki uchumba mara mbili, naye Bibi alikuwa amewaambia wasubiri. Hatawaambia wasubiri mara ya tatu.

Bibi hakuwa mtu mkali. Sasa naona alikuwa anaogopa tu, kama mimi, ila yeye uoga wake ulikuwa na sauti. Alikuwa akishika mikono ya Mamdogo jioni, akitazama kucha zilivyo nyeusi, anasema, "Mikono hii, Riziki, nani atakuja kuitia hina ikashika?"

"Mtatia nyie, mama," Mamdogo anajibu. "Mimi kazi yangu kuinyoosha tu."

Mama alikuwa anacheka. Mimi sikucheka. Mimi nilielewa kwamba hina haishiki mikono yenye grisi, na kwamba mwanamke ambaye hina haimshiki kuna kitu kinamfuata. Nilikuwa natazama mikono ya Mamdogo kila siku kuona kama kimeshaanza.

Nikitoka shule nilikuwa naenda kwenye mashine, kwa sababu Mamdogo hakuniuliza maswali kama watu wengine. Watu wengine huniuliza mbona sisemi. Yeye alinipa kitambaa nikafuta spana. Niliyekuwa nikimwogopa ni Kaka Seif, aliyekuwa akiisimamia mashine siku zote. Alikuwa kijana, lakini unga ulikuwa umemtia mvi nyusi na kope, na alikuwa na mchezo wa kusema mambo bila kutabasamu.

"We mtoto," aliniambia siku moja, Mamdogo akiwa nje. "Mashine hii ina mwenyewe, unajua? Hapendi kuguswa na wanawake. Anavumilia, anavumilia, siku akichoka anadai."

Nikamuuliza, polepole sana, anadai nini.

"Chochote kilicho laini." Akaangalia vidole vyangu. Halafu akaenda kumpakulia mtu unga.

Nilimwambia Mamdogo siku mbili baadaye, tena kwa sababu nilikuwa nimekataa kuingia ndani na yeye alitaka kujua kwa nini. Hakucheka. Alichukua bisibisi ndefu, mashine ikiwa inanguruma, akaweka ncha yake kwenye chuma pale ilipo beringi, panapozungukia mhimili, akaniinamisha, akanigusisha mpini sikioni.

"Haya, msikilize huyo mwenyewe. Unasikia nini?"

Ilikuwa sauti nzito, ya ndani kabisa, kama ya mtu anayesoma kitu akiwa amefunga mdomo.

"Anasema."

"Anasema nini?"

"Mmmm."

"Basi akisema mmmm ni mzima. Siku akisema neno jingine uje uniambie. Mimi na wewe tu ndio tunaomsikiliza, Seif hasikilizi."

Alidhani amenitoa uoga. Kumbe mimi nilichosikia ni kwamba mwenyewe yupo kweli, na Mamdogo anajua, na amenipa mimi kazi ya kumchunga. Aliniachia ile bisibisi. Nikawa nalala nayo chini ya mto.

Wiki ya sita, Jumanne, nyundo zikabadilishwa. Ndani ya mashine ile hakuna jiwe kama nilivyodhani. Kuna nyundo, vibapa vya chuma vinavyoning'inia kwenye vyuma virefu vinne, na vyote vinazunguka kwa kasi hadi mahindi yanakuwa vumbi. Kila chuma kirefu kimefungwa kwa pini huku na huku kisichomoke. Nyundo zilikuwa zimekwisha, unga unatoka chenga, wateja wananung'unika. Mzee Hemedi alisema kazi hiyo akiifanya Riziki peke yake, bila fundi wa kutoka nje, basi Alhamisi atasaini daftari lote kuanzia ukurasa wa kwanza. Alisema hivyo mbele ya watu, akiwa na tasbihi mkononi. Kila mtu alisikia.

Mamdogo alitandika kanga kuukuu ya Bibi sakafuni. Hii ilikuwa njia yake mwenyewe, chuoni hawakumfundisha. Kila kitu anachofungua anakipanga kwenye pindo la kanga, kuanzia kushoto, kwa mfuatano alivyokitoa. Akimaliza kuzunguka pindo lote, mashine yote imelala pale chini, na kuirudisha ni kutembea kinyumenyume kutoka kulia. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kona ya kanga na kumpa. Kaka Seif alikuwa ameegemea mlango, mikono kifuani.

"Sasa hapo mnauza au mnatandika kitanda?" akasema.

"Tunamtandikia mwenyewe," Mamdogo akajibu, "leo analala kwangu."

Mimi nikaona Mamdogo amefanya jambo la hatari sana, kumtania mtu asiyeonekana.

Zile pini Mamdogo alitaka mpya. Pini iliyokunjwa mara moja, alisema, ukiinyoosha na kuikunja tena inachoka. Mzee Hemedi akasema hizo za zamani ni nzima kabisa, yeye anaziona, na tangu lini vijipini vikachoka. Mamdogo akazichukua. Ilikuwa Jumanne na saini ilikuwa Alhamisi.

Upande wa mlangoni alifunga mwenyewe pini zake nne. Upande wa pili mashine ilikuwa imesogezwa karibu mno na ukuta, na mkono wake haukupita. Alijaribu, akajikwaruza hadi kiwiko. Akanitazama mimi.

"Mkono wako utapita."

Sijui niseme nini juu ya kuingiza mkono mle. Aliinua fyuzi nikaiona, akaitia ndani ya blauzi yake, akaniambia umeme uko huku kifuani kwangu, mashine haiwezi kuwaka hata ikitaka. Nilimwamini kuhusu umeme. Lakini mwenyewe hatumii umeme. Nililala ubavu sakafuni, shavu kwenye unga, nikapeleka mkono gizani kwenye uwazi kati ya ukuta na chuma, na chuma kilikuwa bado na joto, joto kama la ng'ombe. Mamdogo alikuwa ananielekeza kwa maneno. Tafuta tundu kwa kidole. Pitisha. Sasa panua miguu, moja juu, moja chini, usilazimishe. Ya kwanza ikaingia. Ya pili. Ya tatu ilinichukua muda mrefu. Nje kina mama walikuwa wamejaa na ndoo zao, mmoja anauliza kama leo tutasaga au tutakula mahindi mazima. Mzee Hemedi akasimama ng'ambo ya mashine asikoniona, chini yake nikaona viatu vyake tu.

Ya nne ilinitoka mkononi.

Niliisikia, au nilidhani nimeisikia, kisha sikuisikia tena. Nilipapasa. Unga, ukuta, unga. Nikajua palepale kwamba haikuanguka. Imechukuliwa. Kulikuwa na kitu kule nyuma kilichonyoosha mkono wake kama mimi nilivyonyoosha wangu, na kimeanza na pini.

"Zote nne?" Mamdogo akauliza.

Adhana ya alasiri ilikuwa inaanza. Viatu vya Mzee Hemedi vikasogea.

"Ndiyo," nikasema.

"Nne?"

"Nne."

Hakuangalia. Ningekuwa mtu mwingine angeangalia, lakini mimi nilikuwa mtoto asiyesema kitu mpaka awe na hakika. Akafunga mfuniko, akatoa fyuzi kifuani, mashine ikawaka. Unga ukatoka laini kama wa dukani. Kina mama wakapiga vigelegele, na mmoja wao, Mama Zuhura, aliyekuwa na mtoto mgongoni, akauchota na kuutia kwenye ulimi, akasema, "Riziki mwanangu, wewe usiolewe, wewe ukae hapahapa." Watu wakacheka. Kaka Seif alicheka pia. Mimi nilikuwa nimesimama nje nimekunja ngumi, nikihesabu vidole vyangu kwa kidole gumba.

Usiku ule na kesho yake nilijipa moyo hivi: kimedai, kimepewa pini, kimeridhika. Pini si laini, lakini labda kimeshindwa kuchagua.

Jumatano baada ya shule Bibi akaniambia nifue kanga yake iliyorudi na grisi. Nilikwenda nayo uani, nikaikung'uta kabla ya kuitia kwenye beseni, na kitu kikalia kwenye saruji. Tii. Kikaviringika hadi kwenye ndala yangu.

Ilikuwa imejificha kwenye mkunjo wa pindo. Nilipolala ubavu nadhani kona ya kanga ilikuwa chini yangu, na pini iliponitoka ikaangukia humo, basi. Hakuna mkono wa mtu wala wa jini. Nilikaa chini kwenye maji ya sabuni. Ningependa liwe jini, naapa. Jini lingekuwa na kosa lake, na mimi ningekuwa mtoto aliyeogopa. Sasa hapakuwa na mtu mwingine pale kwenye ukuta ila mimi na ile ndiyo yangu.

Na mashine ilikuwa inanguruma. Kutoka uani kwetu ilikuwa inasikika mchana kutwa, mtu hata haisikii tena sauti yake, ila siku hiyo mimi niliisikia kama inanitaja. Nilijua vile vyuma vinazunguka. Nilijua kimoja hakina kizuizi upande wa ukutani. Sikujua kitachukua muda gani. Nikasema nitamwambia Mamdogo baada ya magharibi. Baada ya magharibi alikuwa anapiga pasi gauni la kuvaa siku ya saini, anaimba. Nikasema kesho. Nikimwambia, Mzee Hemedi hasaini, na watu wa Muheza wanakuja. Nisipomwambia, pengine haitokei kitu. Niliomba dua isitokee kitu. Sikuwahi kuomba kwa kirefu vile, hata babu alipokuwa mgonjwa.

Alhamisi hakukuwa na shule mchana. Mama akanipa ndoo ya mahindi, nikasage. Foleni ilikuwa fupi. Aliyekuwa anasagiwa ni Mama Zuhura, amechuchumaa kule chini unakotokea unga, anashikilia mdomo wa mfuko, na mtoto wake mgongoni kichwa kimelala upande, anaelekea kwenye mashine. Kaka Seif alikuwa anaongea na simu. Niliacha ndoo yangu kwenye foleni, nikazunguka nyuma ya nyumba, upande wa ukuta ule. Nilikuwa na bisibisi kwenye mfuko wa shule. Nikaiweka ncha ukutani, mpini sikioni.

Mmmm.

Kisha chini ya ile mmmm, nyembamba, kama mtu anayekwangua sufuria kwa kijiko chumba cha pili: kwaru. Kwaru. Kwaru.

Alikuwa amesema neno jingine.

Sikumbuki kukimbia. Nakumbuka Mamdogo amekaa kwenye mkeka barazani kwetu, gauni limepigwa pasi, daftari liko mapajani, anaandika ukurasa wa mwisho. Nikatoa pini mfukoni nikaiweka katikati ya ukurasa aliokuwa anauandika.

Akaiangalia. "Ya wapi hii?"

"Ukutani," nikasema.

Nimewahi kuona watu wakiogopa, lakini sijaona uso ukifanya vile tena. Hakuniuliza la pili. Aliruka baraza, ndala moja ikabaki, akakimbia mbele za watu bila mtandio, na Bibi akatoka ndani anauliza kuna nini, kuna nini, Riziki, nani kafa. Mimi nilimfuata nyuma. Nilipofika mlangoni alikuwa amekwishapiga swichi chini na mashine inalia kwa kushuka, ule mlio mrefu unaokaribia kuwa wa mtu.

"We Riziki, una wazimu?" Kaka Seif alisema, simu bado sikioni.

"Unga wangu umo humo," Mama Zuhura akasema.

"Mama, toka hapo. Toka na mtoto."

Alisubiri ikasimama kabisa. Akatoa fyuzi. Akafungua mfuniko. Watu wote wakasogea na mimi nikaona kati ya miguu yao. Chuma kirefu kimoja kilikuwa kimechomoka, kimetoka upande wa ukutani kama upana wa kidole gumba, na mahali kilipokuwa kinagusa palikuwa na mstari unaong'aa, mweupe, mpya, kama kovu lililochanika leo. Mamdogo aligusa ule mstari.

"Kingetoka chote?" Mama Zuhura akauliza.

"Kingetoka, na nyundo zake."

Mama Zuhura alimvuta mtoto kutoka mgongoni akamleta kifuani, mtoto akaamka akaanza kulia, na ndipo Mzee Hemedi alipoingia.

"Upande huu nani kafunga?"

Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilikuwa na bisibisi mkononi. Ilikuwa rahisi, ilikuwa neno moja.

"Mimi," Mamdogo akasema. "Nilifunga tatu, sikukagua."

Kaka Seif alinitazama. Alikuwapo siku ile, alijua ni mkono wa nani. Akatazama chini, akaanza kufagia unga ambao haukuhitaji kufagiwa.

Mzee Hemedi hakupiga kelele. Alisema kwa upole, na ndiyo iliyotisha. Alisema yeye alikuwa anasaini daftari lote. Sasa atasaini alichokiona kwa macho yake, basi. "Andika hilo la leo. Andika kama lilivyo. Hilo nitakusainia kwa mkono mkunjufu, wakalisome huko chuoni."

"Nitaandika," Mamdogo akasema. "Lakini kwanza niletee pini mpya nane."

Zikaletwa, hakuna aliyebisha. Alifunga zake nne, akatia fyuzi kifuani, akaniita. Mbele ya kila mtu. Nilitikisa kichwa. Alichuchumaa akaniambia sikioni, na ndicho kitu pekee alichowahi kuniambia kuhusu siku ile kwa miaka mingi:

"Hata mimi naogopa. Fyuzi iko hapa kwa sababu naogopa. Haya, ingiza mkono, na nikikuuliza, usinijibu mpaka umehesabu."

Nililala ubavu. Chuma kilikuwa cha moto kuliko siku ile. Nilifunga nne, na aliponiuliza, nilirudi nikazipapasa moja moja kwa ncha ya kidole, vichwa vinne, na mashine yote na mtaa wote ukanisubiri. "Nne," nikasema. Halafu yeye naye akachukua tochi na kioo kidogo cha kujitazamia, akaangalia mwenyewe.

Ile ya zamani sikuirudisha. Hakuna aliyeniuliza.

Daftari liliondoka na saini moja tu, ya ukurasa ule. Asubuhi ya Jumamosi Mamdogo akapanda basi, Bibi hakutoka kumuaga. Watu wa Muheza nilisikia wametumiwa salamu. Hakuna mtu anayemweleza mtoto jambo, kwa hiyo nilijieleza mwenyewe: amefukuzwa, na mimi ndiye. Alipokuja tena, ilikuwa Idi, mikono yote ilikuwa imechorwa hina hadi kwenye viwiko, imeshika, imekolea kabisa. Bibi alikuwa anaishika na kuitazama. Sikuuliza. Nilikwenda chooni nikalia, kwa kuwa hina imeshika maana yake grisi imekwisha, maana yake wamemwoza. Ilinichukua likizo nzima kujua kwamba aliyeolewa ni rafiki yake wa chuoni, yeye na wenzake walikuwa wapambe tu, na kwamba chuo hakikumfukuza. Ila sikujua kwa nini hakikumfukuza, na sikuthubutu kumuuliza, maana ningemuuliza ningelazimika kusema lile neno.

Siku hizi yuko Pangani kwenye mitambo ya kutengeneza barafu ya wavuvi. Ukimpigia mchana husikii vizuri. Jumatatu ile nilimpigia jioni. Nikamwambia nimepewa fomu, na wenzangu wengi wa kike wanajaza masomo ya sanaa, na mwalimu wa fizikia amesema nijaze ya kwake ila mimi naogopa. Nikasema, Mamdogo, ile pini ninayo. Nikasema, nilikudanganya, nilijua ni tatu. Ilinitoka hivyo hivyo, miaka yote hiyo, kwenye simu yenye chaji kidogo.

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoiweka kwenye daftari. Mwana, mimi ndiye niliyekuwa na macho na tochi. Wewe ulikuwa na miaka tisa na mkono mwembamba. Ngoja."

Akakata. Nikadhani amekasirika. Baada ya muda ikaingia picha kwenye simu ya mama: ukurasa wa daftari, mwandiko wake, doa la grisi la duara katikati pale pini ilipokaa. Nimeusoma mara nyingi hata naukumbuka wote. Pini moja ya upande wa ukutani haikufungwa. Mimi sikukagua. Msaidizi wangu alisikia mlio tofauti, akaniarifu. Mashine ilizimwa kabla ya madhara. Chini yake saini ya Mzee Hemedi, kubwa, ya mkono mkunjufu kama alivyoahidi. Na kando, kwa kalamu nyekundu ya mwalimu wa chuo, mstari mmoja: huu ndio ukurasa pekee niliouamini wote, aruhusiwe kuendelea.

Msaidizi wangu alisikia. Ni kweli, na si kweli yote, na aliandika hivyo akiwa na hasira zote za siku ile na sina hakika nilistahili.

Kwa hiyo nimejaza. Fizikia, kemia, hisabati ya juu, chaguo la kwanza. Sijapona uoga, nisije nikajisingizia. Nikifikiria chuo chenye wavulana arobaini na mimi, naogopa. Nikifikiria mashine ambayo watu watasimama karibu nayo kwa sababu mimi nimesema iko sawa, naogopa zaidi, na siku hizi nashuku hilo la pili ndilo ninalopaswa kwenda nalo.

Leo asubuhi nilipeleka fomu. Mwalimu wa taaluma alikuwa na foleni ndefu ya wanafunzi nyuma yangu na alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Nafasi zote umejaza?"

Watu walikuwa wanasukumana. Mtu nyuma yangu akasema twende basi.

"Subiri kidogo, mwalimu," nikasema. Nikairudisha fomu mezani, nikaweka kidole kwenye nafasi ya kwanza, nikaanza kuhesabu.